Naomba ushauri: GPU (kadi ya picha) gani itafaa kompyuta ya Dell OptiPlex 7010 ndogo?

Wakuu, habari za saa hizi. Nina Dell OptiPlex 7010 ile kesi ndogo, prosesa i5-3470, RAM GB 8. Nataka icheze gemu la mpira, na jioni irushe muvi kwa Wi-Fi hadi TV ya sebuleni. Sasa hivi faili za H.265 (video zilizobanwa sana) zinakwamakwama, feni inapiga kelele kama mashine ya kusaga.

SSD (diski ya kasi) naweka, hilo halina mjadala. Kinachoniumiza kichwa ni GPU: pawa saplai ni wati 240 tu, na kesi inapokea kadi za kimo kifupi pekee. GT 1030 inakula wati 30 ila haina enkoda (sehemu ya kubana video ya kurusha). GTX 1650 ni wati 75, fundi ananitisha kwamba itaunguza mashine (huyohuyo anauza GT 1030!).

Kuna aliyeifunga 1650 humo ikatulia? Au niuze, nitafute tawa (kompyuta ya kesi ya wima) kubwa? Bajeti laki nne, nipo Dar.