Deni la taifa linakula vipi pesa za kaunti, na raia atathibitishaje?

Kondele_Juu (Kisumu)
Wadau, KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, wakitangaza makusanyo yamepanda, magavana nao wanalia kwamba mgao wa kaunti haujatumwa. Huku kwetu mjadala umebaki wa lawama tu. Huyu anamtaja Uhuru, yule Ruto, na tangu John Mbadi wa Homa Bay apewe uwaziri wa Hazina (wizara ya fedha) Agosti 2024, kuna waliokuwa wakiitukana Hazina asubuhi na jioni ambao sasa wamemeza ndimi. Naomba majibu yenye nambari: deni linaigusa vipi pesa ya Kisumu, na mtu atahakikishaje bila kumsubiri mwanasiasa apande jukwaani?

Mhasibu_Section58 (Nakuru)
Anza na foleni ya kulipwa. Kifungu cha 214 cha Katiba kinasema deni la umma linalipwa moja kwa moja kutoka mfuko mkuu wa serikali. Kaunti zina kifungu cha 219, kinachotaka mgao wao utumwe bila kucheleweshwa pasipo sababu. Kwa karatasi wote wana haki. Sasa mwezi ambao bondi kubwa (hati ya mkopo wa serikali) imeiva, yaani imefika tarehe ya kulipwa, Hazina inachagua nani asubiri. Muuguzi wa Kisumu akicheleweshewa mshahara, atagoma. Mwenye Eurobond, yaani bondi ya dola iliyouzwa kwa wawekezaji wa nje, akicheleweshewa kuponi (riba yake), nchi imeshindwa kulipa deni na kila mkopo unaofuata unapanda bei. Unajua nani atasubiri.

Halafu kuna kiwango chenyewe. Ile asilimia 15 ya kifungu cha 203, ambayo mgao wa kaunti haupaswi kuwa chini yake, hupigwa kwa mapato yaliyokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge, yaani ya miaka ya nyuma, si haya KRA wanayotangaza leo. Na Mswada wa Fedha wa 2024, uliokusudia kuleta shilingi bilioni 346, ulipokataliwa na Rais tarehe 26 Juni baada ya maandamano, mgao wa kaunti wa 2024/25 uliteremshwa kutoka bilioni 400 hadi 387.4. Kuponi za bondi hazikuguswa hata senti.

Kuhakikisha: tafuta Gazeti Rasmi la Serikali, taarifa ya kila mwezi ya Hazina kuhusu mapato yaliyoingia na pesa zilizotolewa. Upande mmoja utaona kodi, mikopo ya ndani na mikopo ya nje. Upande wa pili deni, pensheni, wizara, kisha kaunti. Watu wengi hukosea hapa: nambari hizo ni jumla tangu tarehe 1 Julai. Ukitaka ya Novemba peke yake, chukua taarifa ya Novemba utoe ya Oktoba. Na usilinganishe deni lililolipwa na kodi ya mwezi huohuo ukapiga kelele. Bondi haziivi kwa usawa. Chukua angalau robo mwaka.

Lwang'ni_Beach
Niongeze hesabu ya Eurobond, maana ndiyo inayoimbwa zaidi. Ile ya miaka 10 iliyoanza Juni 2014 ilifika dola bilioni 2 baada ya nyongeza ya Desemba, kwa riba ya asilimia 6.875. Wakati wa kukopa dola ilikuwa karibu shilingi 87, kwa hiyo bilioni 174. Januari 2024 dola ilikuwa imegonga 160: deni lilelile, bilioni 320. Hapo riba bado.

Februari 2024 serikali ikakopa dola bilioni 1.5 kwa kuponi ya asilimia 9.75 ili inunue sehemu kubwa ya ile ya zamani. Riba ya mwaka kwa hizo bilioni 1.5 ni dola milioni 146.25. Kwa kiwango cha zamani ingekuwa 103.1. Tofauti ni dola milioni 43 na ushee kila mwaka, kwa ajili ya kusogeza tarehe tu.

Mkulima_Molo
Lwang'ni, hesabu iko sawa ila umeikata katikati. Mbadala Februari ile ulikuwa upi? Baada ya bondi hiyo kununuliwa, dola ilishuka hadi karibu 129 na ikakaa hapo. Hiyo imepunguza gharama ya kila mkopo wa nje, ukiwemo wa SGR, reli ya kisasa. Oktoba 2025 mikopo ya SGR ya China ikahamishwa kutoka dola hadi yuani, na Hazina inasema itaokoa takriban dola milioni 215 kwa mwaka. Kama ni uongozi tunaupima, upimwe na hayo pia.

Mhasibu_Section58
Nakubali kuhusu dola kushuka kutoka 160. Lakini dola ikishuka, deni la nje likiandikwa kwa shilingi linapungua bila mtu kulipa chochote, na wanasiasa hulipigia makofi kana kwamba limelipwa.

Kinachonisumbua zaidi ni deni la ndani. Februari 2024 bondi ya miundombinu ya miaka 8.5 ilitoka kwa asilimia 18.46, bila kodi. Benki ikipata hiyo serikalini, kwa nini ihangaike na mwenye duka la mbolea hapa Nakuru?

Na kuna deni lisiloitwa deni. Ushuru wa barabara ulipanda Julai 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Saba kati ya hizo zimewekwa rehani kupata bilioni 175 za kulipa wanakandarasi wa barabara. Matatu ikitia lita 60, imeacha 1,500 za ushuru huo, na 420 tayari zina mwenyewe. Hazina haizihesabu kama deni. Mimi nazihesabu, kwa sababu ni mapato ya kesho yaliyotumika leo.

Kondele_Juu
Asanteni. Na kaunti yenyewe, inaweza kukopa ikisubiri mgao?

Lwang'ni_Beach
Kifungu cha 212: mpaka serikali kuu idhamini na bunge la kaunti liidhinishe. Kwa hiyo kaunti "hukopa" kwa mlango wa nyuma, inachukua dawa na kazi za barabara bila kulipa. Fungua ripoti ya Msimamizi wa Bajeti, nenda ukurasa wa Kisumu, tazama bili ambazo hazijalipwa. Kisha linganisha tarehe ya mgao kuingia na kiasi cha bili kilicholipwa robo hiyo. Mgao ukiingia na bili zisipungue, hapo usiilaumu Hazina, muulize gavana.