gfortran au Flang kwa RISC-V na POWER9?

kipanga: Programu ya kukokotoa mwendo wa majimaji, Fortran 90 yenye mabaki ya 77, inahamishwa kutoka prosesa za x86-64 kwenda za RISC-V, baadaye POWER9. Inategemea netCDF (maktaba ya faili za data) na MPI (maktaba ya kugawa kazi kwa prosesi nyingi). Kompaila (programu inayogeuza kodi kuwa amri za prosesa) ipi inafaa?

tarakimu: gfortran, kompaila ya Fortran iliyo ndani ya GCC ya GNU. ifx, kompaila ya Intel, ni ya x86-64 peke yake, iondoe. Flang ya LLVM inakua upesi, ila faili zake za .mod (maelezo ya moduli zilizojengwa) haziingiliani na za gfortran. netCDF-Fortran ya kwenye mfumo kwa kawaida imejengwa kwa gfortran, kwa hiyo ukitaka Flang utaijenga upya, na moduli za MPI pia. netCDF ya C iache ilivyo.

Kwa RISC-V yenye vekta (amri zinazokokotoa namba nyingi kwa pamoja) chukua GCC 14 kwenda juu, `-O3 -march=rv64gcv`. Kama prosesa haina vekta andika `rv64gc`, la sivyo programu itakatika na "Illegal instruction". POWER9 inataka `-mcpu=power9`.

Mabaki ya 77 yatakusumbua: tangu GCC 10, kuita subrutini kwa hoja za aina tofauti ni kosa. `-fallow-argument-mismatch` hulishusha liwe onyo tu, lakini tafadhali rekebisheni kodi yenyewe.

nukta_elea: Kabla ya yote, tafuta kwenye kodi mahali usahihi wa namba umetajwa:

`grep -rniE 'selected_real_kind|real\(10\)' src/`

`selected_real_kind(18)`, inayoomba tarakimu 18, kwenye x86 hurudisha 10, yaani biti 80 zinazokokotolewa na prosesa yenyewe. RISC-V haina aina hiyo. Gfortran inakupa 16, biti 128 zinazokokotolewa na programu. Jibu ni sahihi, kasi inaporomoka vibaya. Tarakimu 15 zikitosha, tumia `real64` ya `iso_fortran_env`.

kipanga: Majaribio ya kwanza yanatofautiana na x86 kuanzia tarakimu ya 14. Ni kasoro?

nukta_elea: Shuku FMA kwanza. Kwa FMA, RISC-V huzidisha na kujumlisha kwa amri moja, ikikadiria tarakimu za mwisho mara moja tu. X86-64 ya msingi hukadiria mara mbili. Jenga pande zote mbili kwa `-ffp-contract=off`, ukitumia prosesi moja ya MPI ili mpangilio wa kujumlisha usibadilike. Tofauti ikibaki, jenga upande wa x86 (RISC-V haina mitego ya nukta elea) kwa `-O0 -g -fcheck=all -finit-real=snan -ffpe-trap=invalid`: kigeugeu cha ndani kisichopewa thamani, kikitumika kwenye hesabu, kitasimamisha programu kwenye mstari huo.

tarakimu: Na hapo ndipo Flang inapolipa gharama ya kujenga maktaba upya. Kodi inayopita kompaila zote mbili ina uwezekano mdogo wa kuficha viendelezi vya GNU, yaani nyongeza zisizo za kiwango rasmi cha Fortran.