Gumzo la mtaa: maji ya timbo kabla ya masika

Mwenyekiti: Hamjambo majirani. Mwenye timbo la mawe amekubali kutoa eskaveta kwa siku mbili kabla ya masika, tuzuie maji yanayotuletea tope barabarani. Anauliza kazi ianzie wapi. Baba Mwende, Mama Achieng, tusaidieni.

Baba Mwende: Hatujambo. Ianzie juu. Watu wakiona tope barabarani hukimbilia kuzibua mtaro wa huku chini, mvua inayofuata unajaa tena. Kwanza tuzuie maji masafi yasiingie shimoni. Mtaro wa kuyakinga upite upande wa juu wa timbo, angalau mita 5 kutoka ukingoni, ama ukingo utalainika uporomoke.

Fundi Karis: Vipimo?

Baba Mwende: Sakafu sm 50, kina sm 50, kuta zilale sm 50 kila upande kwa kina hicho cha sm 50, yaani mdomo unafika mita 1.5. Hesabu yake ni hii: ardhi inayoteremsha maji pale ni kama hekta 2. Mvua kali ya mm 60 kwa saa, asilimia 70 ikitiririka, inaleta lita 230 hivi kwa sekunde. Mtaro huo ukishuka sm 50 kwa kila mita 100 unabeba lita 300 na bado umebakisha sm 10 juu.

Mama Achieng: Na mteremko usizidi hapo jamani. Kwenye huu udongo mweusi, maji yakipata kasi hukata sakafu na mtaro unageuka korongo. Pahali ardhi inashuka sana, wekeni vizuizi vya mawe vya nusu mita. Mteremko ukiwa mita 5 kwa 100, kizuizi kimoja kila mita 10. Katikati yake pawe chini kuliko pembeni, la sivyo maji yatazunguka na kula kingo.

Fundi Karis: Tunapima na nini? Mashine hatuna.

Baba Mwende: Fremu ya mbao yenye umbo la herufi A inatosha. Miguu iachane mita 2, uzi wenye jiwe uning'inie kutoka kileleni. Isimamishe, weka alama uzi unapogusa mbao ya katikati, geuza miguu, weka alama tena. Usawa uko katikati ya alama hizo mbili. Halafu pigilia kibao cha unene wa sm 1 chini ya mguu wa upande wa kuteremkia. Uzi ukikaa kwenye alama ya usawa, ardhi imeshuka sm 1 kwa mita 2, ndio ule mteremko wetu. Kigingi kila hatua.

Mzee Ouma: Na huo mtaro unamwaga wapi? Msije mkamhamishia jirani shida.

Baba Mwende: Swali la maana, Mzee. Unaishia kwenye kijito cha kawaida, na mdomoni tunatandika mawe ya sm 15 hadi 30 juu ya kitambaa cha kuchuja. Bila kitambaa maji hunyonya udongo kupitia mapengo, mawe yanazama.

Mama Kevo: Na yale maji ya kijivu yanayotoka ndani ya timbo?

Baba Mwende: Hayo yanaenda kwenye bwawa la kutuliza tope. Kadirieni mita za ujazo 250 kwa kila hekta iliyo wazi. Timbo hili ni hekta 1.5, kwa hivyo 375. Bwawa la wastani wa mita 28 kwa 9, kina 1.5, linatosha. Liwe refu na jembamba, maji yaingie mwisho mmoja yatokee mwingine. Njia ya kuingilia na ya kutokea zikikaribiana, tope linapita tu halipati nafasi ya kutulia. Tope likifika nusu ya bwawa, lizolewe. Na ua kuzunguka, watoto wasiogelee.

Mama Achieng: Niongeze. Vumbi la kokoto hutulia haraka, mfinyanzi hautulii. Jaza maji ya timbo kwenye chupa safi, iache usiku kucha. Asubuhi yakiwa bado kama chai ya maziwa, bwawa peke yake halitafua dafu. Kuna jasi na shabu za kugandisha tope, lakini dawa ya kweli ni kufunika rundo la udongo kwa nyasi.

Mama Kevo: Na maji hayo hayana sumu kama ya migodi?

Baba Mwende: Asidi ya migodini hutokana na mawe yenye salfaidi yakipata hewa na maji. Mawe yetu ni ya volkano, ya aina nyingine. Hapa jihadharini na tope, dizeli na oili.

Mzee Ouma: Sehemu iliyokwisha chimbwa ijazwe taka basi, shimo liishe.

Mama Achieng: Hapana Mzee wangu, tafadhali. Jaa la taka la Dandora, Nairobi, nalo lilianzia kwenye timbo la zamani, na moshi wake tunaujua sote. Maji machafu ya taka hupenya nyufa za mawe mpaka kwenye visima. Shimo lijazwe mabaki ya mawe na udongo. Sakafu ipasuliwe kina sm 50 ikiwa kavu, kukata mteremko, kwa sababu malori yameishindilia na mizizi haipiti. Kisha udongo wa juu, sm 20 hadi 30. Huo ndio mali! Usichanganywe na ule wa chini, na rundo lake lisizidi mita 2. Ukikaa muda mrefu, mbegu na vijidudu vyake hufa.

Fundi Karis: Miti gani?

Mama Achieng: Nyasi kwanza, miti baadaye. Bamburi kule Mombasa, René Haller, aliyefufua matimbo ya kiwanda cha saruji, alianza mwaka 1971 kwa mivinje kwa sababu ilivumilia chumvi na ardhi tupu ya matumbawe, na jongoo wakasaga majani yake kuwa mboji. Huku kwetu kwenye udongo mweusi unaotuama maji, mgunga wa gome la manjano unaweza zaidi. Mti wa mathenge msiguse, huvamia.

Mwenyekiti: Nyasi tuagize kiasi gani?

Mama Achieng: Vetiva, mistari mitatu ya mita 100 kwenye mteremko, nafasi sm 15. Hiyo ni miche 2,000. Majani yakatwe yabaki sm 20, mizizi sm 10, isafirishwe kwa gunia lenye unyevu. Ipandwe mvua zikishalowesha ardhi vizuri, si kwenye vumbi.