Gari inakosa mafuta, fundi anauza plagi: mafundi wa Dar, pimeni kwanza!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sina mpango wa kuipunguza. Ukipeleka gari ya zamani gereji hapa Dar ukasema inamisi, yaani inakatakata, na inakosa nguvu, fundi hakuulizi inamisi wakati gani, ikiwa ya baridi au ya moto, ikiwa tupu au ina mzigo. Anafungua boneti, anasikiliza kidogo, anakwambia "bosi, hizi plagi". Unatoa hela. Ukirudi ni koili. Ukirudi tena ni pampu. Yeye anakisia, wewe unalipia kila anachokisia, na spea zako nzima zinabaki kwake.

Gari yangu ni Corolla 110 ya 1998, injini 5A-FE. Ndiyo inayobeba mzigo wa duka kutoka Kariakoo na ndiyo inayompeleka mama kliniki Muhimbili. Si gari ya matembezi.

Ugonjwa wake ulikuwa hivi. Asubuhi inawaka bila shida. Mchana, barabara tambarare, inakwenda. Jioni nikishawasha taa, foleni ya kutoka Ubungo, kila nikikanyaga breki injini inatetemeka kama inataka kuzima. Kwenye mlima wa kupandisha Kimara ndiyo balaa: unakanyaga mafuta mpaka mwisho, gari haivuti, inapiga mshindo kwenye ekliina (boksi la filta ya hewa), paa, paa, halafu inanyong'onyea. Jioni moja ilizima juu ya daraja la Kijazi, mama yuko kiti cha nyuma, malori yanapiga honi nyuma yetu. Anayejua barabara ile anaelewa nilikuwa kwenye hatari gani.

Haya yote niliyasema gereji. Nilisema wazi kwa kila fundi aliyeigusa: tatizo linakuja taa zikiwaka na nikikanyaga breki. Hakuna aliyewasha taa ajaribu. Gari iliingia mchana, ikasikilizwa mchana, nikakabidhiwa mchana, "iko poa bosi".

Fundi wa kwanza alichomoa plagi nne akaniwekea kiganjani. Ncha zake zilikuwa nyeupe kama chaki, zote nne. Jamani, plagi inaongea! Ikiwa na masizi meusi, mafuta yanazidi. Ikiwa kahawia hafifu, uchomaji uko sawa. Ikiwa nyeupe kabisa, mafuta ni machache kuliko hewa. Petroli inataka hewa kama sehemu 14.7 kwa sehemu 1 ya mafuta, kwa uzito. Mafuta yakipungua sana, mchanganyiko haushiki moto vizuri na injini inamisi hata kama cheche ni kali. Tena zilikuwa nyeupe zote nne. Kama ingekuwa nozeli moja (inayopulizia silinda mafuta) imeziba au waya mmoja wa plagi umekufa, silinda moja ndiyo ingelalamika na tatu zingebaki salama. Zikilalamika zote, mara nyingi shida iko kabla ya nozeli, kule yanakotoka mafuta. Ushahidi wote huo ulikuwa mkononi mwake, yeye akasema "zimekufa hizi, kanunue mpya".

Gereji ya pili walisafisha nozeli, wakabadilisha filta ya mafuta, kisha wakahamia kwenye sheli: "Umewekewa mafuta ya kuchakachua." Hiki kichaka cha kujifichia tukikatae. Uchakachuaji umekuwepo, ndiyo maana vinasaba (alama za kutambua mafuta halali) vilianza kuwekwa kwenye mafuta mwaka 2010. Lakini mafuta machafu hayasubiri mtu awashe taa ndipo yasumbue. Fundi anayefikiri angeliona hilo palepale.

Hoja ya sheli ilipogonga mwamba, wakasema pampu. Wakanyanyua kiti cha nyuma, wakatoa pampu ya Denso iliyokuja na gari kutoka Japani, wakaweka mpya ya kwenye boksi. Gari haikubadilika hata kidogo. Nikauliza pampu yangu iko wapi, nikajibiwa "tulishatupa". Pampu ya Denso haitupwi Dar es Salaam, wakuu. Ina soko. Ile ni mali yangu na hakuna aliyeniomba.

Kinachonikera kuliko yote ni kwamba ugonjwa huu una namba zake. Haukuhitaji kukisiwa.

Kwenye injini hizi pampu iko ndani ya tenki, inasukuma petroli hadi kwenye reli ya nozeli (bomba linalozigawia mafuta), na kwenye reli kuna regyuleta inayorudisha ziada tenkini. Kompyuta ya gari haina jicho la kuona presha. Inafungua nozeli kwa milisekunde chache ikichukulia kwamba presha ipo. Presha ikishuka, nozeli inafunguka muda uleule lakini inatoa mafuta kidogo. Ndiyo maana unaweza kuambiwa "kompyuta haionyeshi kosa" huku injini inakufa njaa. Na presha inayotakiwa inajulikana: kwa injini za 4A na 5A za EFI (za nozeli, si za kabureta) za miaka ile, ukichomoa mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa ya injini) kwenye regyuleta ukauziba, geji ya presha isome kati ya 38 na 44 psi. Ukiurudisha injini ikiwa sailensi (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), ishuke iwe kati ya 30 na 37. Imeandikwa kwenye vitabu vya gari tangu zikiwa mpya. Geji yenyewe si chombo cha maajabu, na haizidi bei ya spea walizonibebesha.

Presha ikiwa chini, unabana mpira wa kurudisha mafuta, taratibu na kwa muda mfupi. Ikipanda vizuri, pampu ina nguvu, mtazame regyuleta. Isipopanda, rudi nyuma: filta, chujio la ndani ya tenki, pampu yenyewe, na umeme unaoilisha pampu. Hata kama geji huna, Corolla hizi zina kisanduku kidogo chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ukiunganisha Fp na +B kwa kipande cha waya, swichi ikiwa ON, pampu inazunguka injini ikiwa imezimwa, unaisikia kule nyuma inavuma au inakoroma. Gari ikiwa inamisi, unapuliza dawa ya kusafishia kabureta kidogo kwenye njia ya hewa. Ikichangamka, ilikuwa na njaa ya mafuta. Huhitaji kununua spea yoyote kujua hilo.

Umeme ndio hakuna aliyeugusa. Pampu ni mota! Ukiipa volti 9 badala ya 13 na kitu inazunguka kivivu, hata ungenunua ya bei gani. Kubadilisha pampu bila kupima volti kwenye soketi yake ni kutupa hela ya mteja.

Aliyelimaliza ni mzee mmoja fundi umeme wa magari, Buguruni. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye stuli, akaniambia nieleze mwanzo hadi mwisho. Nilipofika kwenye habari ya breki akaninyamazisha kwa mkono.

"Mwanangu, breki na mafuta havijuani. Vikigombana ujue vimekutana kwenye ethi." Ethi ni njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bati la gari.

Akanyanyua kiti cha nyuma. Soketi ya pampu hakuichomoa, alipenyeza pini nyembamba nyuma yake, ikiwa imechomekwa, injini inanguruma. Betri ilikuwa inasoma volti 13.8. Kwenye pampu, 11.5. Akaniambia washa taa, ikawa 10 na ushee. "Kanyaga breki." 9.2, na palepale injini ikaanza kutetemeka vilevile kama inavyotetemeka Ubungo. Geji aliyokuwa ameifunga kwenye reli ikashuka chini ya 25. Kisha akaweka waya mmoja wa mita ya umeme kwenye ethi ya pampu na mwingine kwenye bati tupu la bodi. Hapo ilitakiwa isome karibu na sifuri. Ilisoma zaidi ya 4.

Akafuata waya kwa vidole mpaka ndani ya buti, nyuma ya kapeti. Kuna boliti moja ya spana namba 10, na kwenye gari yangu ethi ya pampu na ethi ya taa za nyuma zote zimefungwa hapo. Pete ya waya ilikuwa imefunikwa na ukijani, nyaya za shaba zimebaki chache, na chini yake bati lilikuwa kutu linalomeguka ukiligusa kwa kucha. Taa za breki zikiwaka, umeme wake nao unatafuta njia kupitia boliti hiyo hiyo mbovu, pampu inabaki na makombo. Mzee akakata, akaweka pete mpya, akapiga msasa mpaka bati likang'aa, akakaza, akapaka grisi. Mita: 13.4. Geji ikatulia 34, taa zikiwaka, breki imekanyagwa. Alichonitoza hakifiki bei ya zile plagi nne.

Gari ikapanda Kimara usiku uleule, taa zote zinawaka, kiyoyozi kinafanya kazi.

Najua watakuja mafundi hapa kusema wateja wa Dar hawataki kulipia vipimo, wanataka kulipia kitu wanachokishika. Wateja hao wapo, siwezi kubisha. Lakini mimi sikupewa nafasi ya kukataa kipimo, kwa sababu hakuna aliyekitaja. Niambie, "bosi, kupima presha na volti ni kiasi fulani, tukishajua ndipo tununue spea." Nani atakataa hapo? Na msiniambie habari ya umaskini wa vifaa. Mita ya kawaida kila fundi umeme anayo mfukoni, na gereji zote zile mbili zilikuwa na fundi umeme jirani, ukuta kwa ukuta. Hakuitwa.

Kwa vijana mnaotoka vyuo vya ufundi vya VETA mkaingia kwenye gereji hizi: mmefundishwa kupima. Msikubali mtu aliyewatangulia kazini awaambie mita ni kupoteza muda. Gari hizi za miaka ya tisini ziko nyingi mno mjini, nyaya zake zimezeeka, hewa ya bahari inakula kila kiungo, na magari mengine yameshapita kwenye maji ya mafuriko ya Jangwani. Ethi mbovu mtakutana nazo kila wiki.

Kwa wenye magari: kabla hujaruhusu pampu ya mafuta itolewe, dai uone namba mbili kwa macho yako, presha kwenye reli na volti kwenye soketi ya pampu, injini ikiwaka, taa zikiwaka. Fundi akikataa, funga boneti uondoke. Kila spea inayotolewa iwekwe kwenye buti lako kabla mpya haijafungwa. Na kama dalili yako inakuja usiku, wapelekee gari usiku, au wakae kwenye kiti cha dereva wawashe taa wakiwa mbele yako.

Mwenye kufahamu gereji inayoanza na geji kabla ya spana, iwe Tabata, Mbagala, Tegeta au Kigamboni, aitaje eneo lake hapa ili watu waende. Mimi kesho narudi gereji ya pili. Pampu yangu naitaka, au thamani yake, na nitakaa pale getini wateja wao wengine wakinisikia ninavyoidai.