Mizinga ya kuzuia ndovu: hiyo asilimia 86 ni ya nini hasa?

Mama Mghoi, Sagalla

Hamjambo wote. Alhamisi ijayo kuna baraza kwa chifu na kikundi chetu cha akina mama kimenisukuma mimi nikaseme. Wadi inataka kutoa pesa za nyua za mizinga ya nyuki, na hapa kijijini kila mtu amekariri namba moja tu: 86. Mizinga inazuia ndovu asilimia 86, utafiti umesema, basi inunuliwe tulale.

Sasa mimi hiyo mizinga ninayo. Ni 12, imetundikwa kuzunguka shamba, na kati ya mzinga na mzinga kuna kile kibao cha njano cha kumhadaa ndovu. Vyote vimeunganishwa kwa waya mmoja. Ndovu akiusukuma, mizinga inayumba na wenyewe wanatoka na hasira zao. Nimeshuhudia. Mwaka wa kwanza dume mmoja alikuja saa nane usiku, akaugusa waya kwa kifua, akatingisha kichwa kama mtu aliyeingiwa na maji masikioni, huyoo akarudi alikotoka. Nilicheka peke yangu dirishani.

Lakini kiangazi kilichopita nilifungua mizinga na kijana wangu, tukakuta nyuki kwenye miwili. Miwili! Mingine nondo wamejaza utando kwenye masega, na mmoja kalala mjusi. Haikupita wiki, ndovu wanne wakapita katikati kama wanaoenda sokoni. Mbaazi hakuna, mihogo imeng'olewa, tangi la maji limepinduliwa.

Sasa nikasimame niseme nini? Utafiti ni uongo? Ulimi unakataa, maana ulifanywa hapa hapa kwetu, na wale vijana wa madaftari waliokuwa wakipima nyayo asubuhi tuliwapikia chai. Na kuna hili la pili: mzee mmoja anashikilia kila mkulima alipe nusu ya bei ya mzinga, kwa kuwa cha bure hakithaminiwi. Nisaidieni.

Karani wa Zamani

Mama Mghoi, pole sana. Mimi niliwahi kubeba madaftari ya aina hiyo, ingawa si huko kwenu.

Ripoti hiyo, ya mtafiti wa ndovu Lucy King na wenzake, ilitoka 2024 baada ya miaka 9 ya kuhesabu. Hiyo 86 ni asilimia ya ndovu waliozisogelea nyua kisha wakageuka, tena kwenye misimu ambayo mazao yalikuwa yamestawi. Ndiyo namba ya juu kabisa. Haina maana kwamba wewe utavuna 86 katika kila 100 za mbaazi zako, wala kwamba mwezi wa kiangazi ni sawa na mwezi wa mahindi.

Halafu kuna kipande ambacho hakuna anayekikariri. Ukame wa 2017 ulipopiga, nyuki waliihama mizinga, asali ikapungua, ndovu wakapenya zaidi, na hali ilichukua miaka kurudi. Wameyaandika wenyewe. Kwa hiyo kiangazi chako kimo mle ndani ya ripoti, na ukisimama barazani kukisimulia humpingi mtafiti yeyote.

Ndovu kumwogopa nyuki hakuna ubishi. Huko Samburu walificha spika na kuwachezea sauti ya nyuki waliochokozwa, wakatoa matokeo 2007: familia 16 kati ya 17 ziliondoka kabla ya sekunde 80 kwisha. Sauti tu hiyo. Mzinga mtupu hauna hata sauti.

Mrina wa Itigi

Hujambo mwanangu. Huku Tanzania tunamwita tembo, ila nyuki ni wale wale.

Umeeleza mizinga, waya, vibao. Maji yako wapi? Nyuki akikosa maji na maua hakusubiri, anahama. Weka beseni kivulini, tia vijiti wasizame, ujaze kila siku hata kama wewe mwenyewe unachota mbali. Mzinga uuezekee kijipaa, jua likiupiga moja kwa moja nta inalainika. Nguzo zipake grisi, siafu wasipande. Masega yenye nondo toa uchome, kisha sugua nta safi ndani, harufu ndiyo inayowaita. Na ukirina usikombe yote! Watu wanakomba mpaka tone la mwisho halafu wanauliza nyuki wameenda wapi.

Panda alizeti pembeni. Nyuki anaipenda, tembo haihangaikii sana.

Nesi Atieno

Dada, kuhusu cha bure. Sisi wa kliniki za wajawazito huku magharibi mwa Kenya tulibishana hivyo hivyo juu ya vyandarua. Wakaja watafiti, wakagawa kliniki kwa kura: nyingine bure, nyingine kwa bei ndogo ndogo. Ilipofika shilingi 40, waliochukua chandarua walipungua kwa pointi 60 katika 100. Shilingi 40! Na waliopewa bure walipotembelewa nyumbani, walikuwa wanavitumia sawa na walionunua. Mwambie mzee.

Mrina wa Itigi

Nesi, nakuheshimu, lakini chandarua ukishakitundika kazi imebaki ndogo. Mzinga ni kama mbuzi, lazima uuangalie. Mtu asitozwe pesa, sawa. Atozwe kazi: kukagua kila wiki mbili na kuandika.

Mama Mghoi, Sagalla

Asanteni, baba na ndugu zangu. Nimewasomea kikundi maneno yenu jana jioni. Tumekubaliana nikaombe mizinga michache kuliko ile waliyopanga, na pesa zinazobaki zinunue mapipa ya maji na zimlipe kijana mmoja wa kuzunguka na daftari: mzinga upi una nyuki, ndovu wangapi wamekuja, wangapi wamegeuka. Kiangazi kiandikwe kama masika. Mzee wa nusu bei bado amenuna, nimemwachia Nesi.

Beseni la kwanza nililiweka asubuhi chini ya mkwaju, na vijiti vyake. Kufika adhuhuri mbuzi wa jirani wameshalimaliza. Baba Mrina, mbuzi nao mnawafanyaje huko?