Galaksi hazisambaratiki: ni maada giza, au kanuni ya mvutano ina kasoro?

Mzani_wa_Anga
Naweka hoja moja mezani. Mzunguko wa galaksi, ukiutazama peke yake, hauthibitishi kwamba maada giza (maada isiyoonekana lakini inayovuta) ipo. Unaonyesha tu kwamba hesabu hazilingani. Mordehai Milgrom alitoa njia nyingine ya kuzisawazisha mwaka 1983, na naona wengi wanaikwepa badala ya kuijibu.

Hesabu yenyewe ni hii. Jua liko parseki 8,200 hivi (parseki moja ni miaka ya nuru 3.26) kutoka kitovu cha Njia Nyeupe, galaksi yetu, linazunguka kwa takribani km 230 kwa sekunde. Chukua kasi kipeo cha pili, zidisha kwa umbali, gawanya kwa 0.0043 (ndiyo G ukitumia parseki, km/s na masi ya Jua). Unapata kwamba ndani ya mzingo wetu kuna masi mara bilioni 100 ya Jua. Sasa jumlisha nyota zote na gesi yote ya galaksi nzima, pamoja na ile iliyo nje yetu: inafika bilioni 60 au 70. Huko mbali mambo yanazidi kuharibika. Kwa Newton, ukishapita sehemu yenye nyota nyingi, umbali ukiwa mara mbili kasi inatakiwa kushuka hadi asilimia 71. Haishuki. Vera Rubin na Kent Ford walipima Andromeda mwaka 1970, Albert Bosma akaja na gesi ya hidrojeni ya galaksi nyingine mwaka 1978, mbali kupita ukingo wa nyota, na kasi ilikuwa bado iko palepale.

Milgrom anasema mchapuko ukiwa chini ya 1.2 × 10⁻¹⁰ m/s², mvutano hupungua kwa umbali wenyewe, si kwa kipeo chake cha pili. Basi kasi ya ukingoni kwa kipeo cha nne inakuwa sawa na G mara masi inayoonekana mara namba hiyo. Galaksi yenye masi mara bilioni 100 ya Jua lazima izunguke kwa km 200 kwa sekunde. Namba moja kwa galaksi zote! Wenzangu wa maada giza wanalazimika kuishonea kila galaksi wingu la maada giza la saizi yake.

Fundi_Spektra
Mkuu, anza na fomula. Uliyotumia ni ya tufe. Diski yenye masi ileile huzungusha kwa kasi kubwa zaidi, kama asilimia 15 pale kasi inapofika kileleni, kwa hiyo pengo kwenye mzingo wa Jua ni dogo kuliko ulivyoliweka. Ukingoni nafuu hiyo inaisha na pengo linabaki.

Jambo zito ni vipimo. Spektra (mwanga uliotawanywa kwa rangi zake) inatupa kasi ya kuja au kwenda upande wetu tu, basi. Ili upate kasi ya mzunguko unagawanya kwa saini (sin) ya pembe ya mwinamo. Galaksi ikiwa imeinama nyuzi 30 nawe ukakosea kwa nyuzi 5 tu, ukasema 25, kasi inapanda kwa asilimia 18. Iweke sasa kwenye kipeo cha nne cha Milgrom: masi inakaribia kuwa mara mbili. Ndiyo maana waliokusanya SPARC, hifadhidata ya mizunguko ya galaksi ya mwaka 2016, yenye galaksi 175, waliziacha zile zenye mwinamo chini ya nyuzi 30 na zile zilizopindapinda, wakabaki na 153.

Makosa mengine yanayojirudia: mlonzi mpana wa darubini ya redio (eneo inaloliona kwa mara moja) huchanganya gesi ya ndani na ya pembeni, hivyo kasi ya karibu na kitovu husomeka ndogo kuliko ilivyo. Watu husahau kuzidisha hidrojeni kwa 1.33 ili kuhesabu heli. Na masi ya nyota hukadiriwa kutokana na mwanga. Ukitumia mwanga wa bluu, nyota chache changa zinakudanganya. SPARC walitumia infraredi ya mikroni 3.6, ambako kila kizio cha mwanga wa Jua huhesabiwa kuwa kama nusu ya masi ya Jua kwenye diski.

Na bado, baada ya usafi wote huo, nakubali upande wako una kitu. Vipimo 2,693 kutoka galaksi hizo 153 vilikaa kwenye mstari mmoja: mchapuko unaopimwa unatabirika kutokana na maada inayoonekana, kwa mtawanyiko wa asilimia 35 hivi, na sehemu kubwa ya huo ni makosa ya vipimo. Mtu wa maada giza anayesema hilo ni jambo la kawaida hajakaa na data hiyo.

Lenzi_Pembeni
Galaksi moja moja ndipo MOND, yaani hiyo nadharia ya Milgrom, inapong'ara, na ndiyo sababu mashabiki wake hawapendi kutoka hapo. Mimi natoka.

Fritz Zwicky aliona tatizo mwaka 1933 kwenye kundi la galaksi la Coma, ambako galaksi zinakimbia kasi mno kwa masi inayoonekana. Tumia MOND kwenye makundi ya aina hiyo, ukihesabu na gesi ya moto inayotoa eksirei, bado unapungukiwa: masi inayohitajika ni karibu mara mbili ya inayoonekana. Yaani umebadilisha kanuni ya mvutano na bado unatafuta maada isiyoonekana.

Halafu kuna kundi la Risasi, 1E 0657-56. Makundi mawili yalipitana. Kwenye makundi makubwa gesi ina masi mara kadhaa ya nyota zote, na gesi ikigongana na gesi hupunguza mwendo. Galaksi zenyewe hupishana bila kugusana. Darubini ya eksirei ya Chandra ilionyesha gesi imebaki katikati. Mwaka 2006 Douglas Clowe na wenzake walichora ramani ya masi kwa jinsi mwanga wa galaksi za nyuma unavyopindishwa. Masi nyingi iko ziliko galaksi, si iliko gesi. Kama maada ya kawaida ndiyo pekee inayovuta, kwa nini mvutano umeiacha sehemu yake kubwa nyuma?

Mnururisho wa kale wa microwave, mabaki ya mwanga wa ulimwengu mchanga, ndio unaonimaliza mimi. Mawimbi ya sauti ya ulimwengu mchanga yameacha vilele kwenye ramani yake. Bila kitu kisichosukumwa na mwanga, kilele cha tatu kingekuwa kifupi kuliko cha pili kwa kiasi kikubwa. Vinakaribiana. Matokeo ya satelaiti ya Planck ya 2018 yanatoa uwiano wa 0.120 kwa 0.0224: maada giza mara 5.4 ya kawaida. Namba hiyo haikutoka kwenye mzunguko wa galaksi hata kidogo.

Mzani_wa_Anga
Hilo la vilele lilijibiwa mwaka 2021. Constantinos Skordis na Tom Złośnik walitoa nadharia ya aina ya MOND inayolingana na ramani hiyo.

Lenzi_Pembeni
Ililingana kwa sababu wameongeza uga mpya ambao katika ulimwengu mchanga unatenda kama vumbi lisilo na shinikizo. Hiyo ni kazi ya maada giza, mtendaji kapewa jina lingine. Na nadharia iliyotangulia, ya Bekenstein ya 2004, ilianguka mwaka 2017 pale mawimbi ya mvutano na miali ya gama ya tukio la GW170817, mgongano wa nyota mbili za nyutroni, vilipofika kwa tofauti ya sekunde 1.7 baada ya safari ya miaka ya nuru milioni 130 hivi. Nadharia ile ilitaka vipishane kwa muda mrefu zaidi.

Swali_Gumu
Samahani wakuu, kama maada giza ni nyingi hivyo, mbona sayari haziihisi? Na mbona matangi ya zenoni yanayoitafuta hayajakamata hata chembe moja?

Fundi_Spektra
Piga hesabu. Msongamano wake hapa tulipo ni kama 0.3 GeV kwa sentimita ya ujazo (GeV moja ni karibu masi ya protoni moja). Jaza tufe lote hadi mzingo wa Neptuni: kilo 2 × 10¹⁷ hivi. Jua ni kilo 2 × 10³⁰. Inashika galaksi kwa sababu imetanda kote, hata kule ambako nyota zimekwisha. Kwenye mfumo wa sayari ni kama haipo.

Kuhusu matangi: LZ kule Marekani ina tani 7 za zenoni ya kimiminika inayochunguzwa, karibu kilomita 1.5 chini ya ardhi ili kukwepa miale ya anga, na XENONnT iko chini ya mlima Gran Sasso, Italia. Kutopata kitu kunafuta aina fulani za chembe nzito zinazogonga viini kwa nguvu fulani. Hakugusi aksioni, chembe nyingine zinazodhaniwa kuwa maada giza, ambazo ni nyepesi mno kwa tangi la namna hiyo. Ila nakubali kwamba hoja ya "subiri tangi kubwa zaidi" haiwezi kurudiwa milele.

Mzani_wa_Anga
Basi twende kwenye kipimo kisicho na wingu la maada giza: nyota pacha zilizo mbalimbali. Pacha zenye jumla ya masi ya Jua moja, zikitengana mara 7,000 ya umbali wa Dunia na Jua, zina mchapuko wa 1.2 × 10⁻¹⁰ kamili. Mwaka 2023 Kyu-Hyun Chae alitumia data za Gaia, satelaiti inayopima mahali na mwendo wa nyota, akaona zinakwenda kasi kuliko Newton anavyoruhusu.

Fundi_Spektra
Na Indranil Banik na wenzake walichukua data za Gaia hizohizo, wakapata Newton bila shaka kubwa. Ugomvi wao uko kwenye nyota ya tatu. Kwa umbali huo pacha huzungukana kwa mita 360 kwa sekunde tu. Njia Nyeupe yenyewe inavuta hapa kwa 2.1 × 10⁻¹⁰, juu ya kizingiti chako, na katika MOND mvutano huo wa nje nao huhesabiwa, kwa hiyo hata MOND inaongeza asilimia 20 tu: mita 70 hivi. Nyota hafifu iliyojificha karibu na mmoja wa pacha inaweza kumyumbisha kwa mamia ya mita kwa sekunde, ukadhani ni kanuni mpya.

Kwa hiyo usiniletee wastani wa pacha wote. Ondoa kila jozi ambayo kipimo cha RUWE cha Gaia kinaonyesha kuyumba, ondoa zile ambazo kosa la kasi linazidi mita 50, kisha linganisha jozi za karibu, mara 2,000, na za mbali, mara 10,000, kwa kichujio kilekile. Asilimia 20 ikionekana kwa za mbali peke yake, nitakaa upande wako kwenye swali hili.

Lenzi_Pembeni
Nawe Mzani, isipoonekana?

Mzani_wa_Anga
Isipoonekana, MOND kama mabadiliko ya mvutano naiacha. Mstari wa zile galaksi 153 bado mtanidai maelezo, na mimi nitawadai ninyi.