Vidonge au plasta? Tiba ya homoni baada ya hedhi kukoma

Mama Tatu, Tanga
Shikamooni wakubwa, wenzangu habarini. Nina miaka 51, hedhi imeshakatika. Usiku nalowa jasho hadi shuka, usingizi hakuna. Daktari kanitajia tiba ya homoni, nichague vidonge au plasta ya kubandika ngozini. Dada yangu anasema homoni zinaleta saratani ya matiti. Mliotumia, mnasemaje?

Nesi wa Leicester
Marahaba. Kizazi unacho au kilitolewa? Mwenye kizazi hapewi estrojeni, homoni ya kike inayopungua hedhi ikikoma, peke yake, maana inanenepesha ukuta wa ndani na saratani inaweza kuota humo. Lazima iende na projesteroni, homoni ya pili inayolinda ukuta huo. Aliyetolewa kizazi, kwa kawaida estrojeni inamtosha.

Kidonge kinapita kwenye ini kwanza, na hapo hatari ya damu kuganda inapanda. Homoni ya plasta na jeli inapenya ngozini hadi kwenye damu. Kwa dozi za kawaida hatari hiyo haijaonekana kupanda. Mwenye uzito mkubwa au presha, mimi namshauri aulizie plasta.

Hofu ya dada yako ilisambaa mwaka 2002, utafiti mkubwa wa Marekani uliposimamishwa. Lakini washiriki walikuwa na wastani wa miaka 63, na walimeza vidonge vya aina ya zamani. Saratani ya matiti iliongezeka kidogo kwa waliotumia homoni mbili. Kwa wa estrojeni pekee haikuongezeka. Anayeanza kabla ya miaka 60, au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome, mara nyingi faida inazidi hatari.

BintiPemba
Plasta kwa joto letu hili, jasho likizidi inabanduka! Nimehamia jeli. Napaka asubuhi, naiacha ikauke kabla mtoto hajanigusa. Projesteroni nameza usiku, inaleta usingizi.

Mwalimu, Nakuru
Mimi nilishaugua saratani ya matiti, kwa hiyo homoni nilikatazwa. Nilipewa venlafaksini, dawa ya sonona, kwa dozi ndogo. Joto la mwilini limepungua, halijaisha.

Mama Tatu, Tanga
Poleni na asanteni. Kizazi ninacho, na presha ninayo. Na ukavu ukeni, plasta itatosha?

Nesi wa Leicester
Wakati mwingine haitoshi. Ipo krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni. Dozi yake ni ndogo, na inaweza kutumika pamoja na plasta. Presha ishushwe kwanza, dada. Na ukiona damu tena, usingoje kliniki ijayo, nenda kwa daktari.